Usihame kozi dogo, hilo neno "una kipaji" ndilo lililonichomea kompresa ya watu

Dogo ngoja kwanza, usijaze fomu yoyote. Nimesoma swali lako niko kwenye feri navuka Likoni, moyo ukanipiga paa. Unasema tangu mdogo unafungua redio na simu, mtaa mzima wanakwambia una kipaji cha umeme, sasa umeingia kozi ya umeme muhula wa kwanza tu ukapata 31 kwenye karatasi ya hesabu, na wewe ushaamua kipaji hakuna, wataka kozi "inayoendana na kichwa chako".

Mimi ni fundi friji na AC, Mombasa hii hii, mwaka wa 17 sasa. Nilianzia Kisauni kwa bosi mmoja nikiwa na miaka 18, kazi yangu kumshikia tochi. Mwezi wa pili nikatengeneza friji peke yangu, akaniita mbele ya wateja akasema, "Huyu kazaliwa fundi, hakuna shule ya kumfundisha kitu." Wallahi siku hiyo sikulala kwa furaha. Na kila nikitaka kwenda kufanya trade test ya NITA, ule mtihani wa serikali wa kupima mafundi, ananiambia cheti ni cha wasio na mkono. Yule mzee nina hasira naye mpaka leo na sifichi, manake yeye mwenyewe alisomeshwa, mchoro wa waya anausoma kama gazeti, lakini mimi akanifungia mlango kwa sifa. Kunisifu kulimtoka rahisi kuliko kunilipa kama fundi.

Sasa skiza. Mwaka wa 8 kazini nikaitwa kwa mama mmoja muuza samaki, ana chumba cha baridi, ndani kilo 300 na zaidi za nguru na changu. Mtambo ule ni wa fezi tatu, yaani stima inaingia kwa nyaya tatu, mimi mkono wangu ni friji za nyumbani, stima ya fezi moja. Inawaka dakika chache, ovalodi, kile kifaa cha kukata stima mota ikizidiwa, inakata. Inawaka, inakata. Kwenye mlango wa boksi la stima kulikuwa na mchoro umebandikwa, nikautazama sikuelewa kitu. Chumba cha pili, hatua 20 hivi, kulikuwa na fundi umeme anafanya kazi zake, namsikia hata anavyoimba. Ningemwita. Lakini yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu anasema nimeambiwa wewe ndio yule fundi wa kuzaliwa, na mimi nikaona nikiuliza tu basi jina lote limekwisha. Nikazungusha ovalodi mpaka mwisho, ikakata tena. Nikachukua kipande cha waya nikaunganisha 95 na 96, zile sehemu mbili za ovalodi zinazoachana inapokata, yaani nikairuka ovalodi kabisa ili isiwe na la kusema. Mtambo ukanguruma, mama akafurahi, nikalipwa nikaenda zangu.

Usiku huohuo kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya baridi, ikaungua.

Kesho yake yule fundi umeme akaniuliza swali moja, "Ulipima fezi ngapi?" Sikupima. Akafungua kontakta, ile swichi kubwa inayopitisha stima kwenda kwa mota, akanionyesha, mguu mmoja mweusi tititi kama mkaa, fezi moja haipiti, mota inajikokota kwa mbili. Bamba la mota limeandikwa 8A, yaani ampia 8, ikikosa fezi moja na mzigo ni uleule zile mbili zinavuta kwenye 14 hivi, kwa hivyo ovalodi ilikuwa inafanya kazi yake, inapiga kelele, mimi nikaiziba mdomo. Ile kontakta ni shilingi 3,000. Kompresa ilikuwa 180,000, nikalipa 12,000 kila mwezi, miezi 15, na mke ana mimba. Deni la samaki walioharibika yule mama alinisamehe, sikuweza hata kumtazama usoni.

Ndio maana nikikusikia wasema "kichwa changu" naingia wasiwasi. Baadaye nikaja kujua kuna watu wamelitafiti jambo hili. Mwaka 1998 wanasaikolojia Carol Dweck na mwenzake Claudia Mueller, kule Marekani, waliwapa watoto wa darasa la tano mafumbo, wengine wakasifiwa kwa akili, wengine kwa bidii. Waliosifiwa akili wengi wao wakawa hawataki zoezi gumu, walipokwisha kukutana na gumu wakapewa tena rahisi kama la kwanza wakafanya vibaya kuliko mwanzo, na karibu 4 kati ya 10 walipoulizwa walipata ngapi wakadanganya. Wakadanganya! Niliposoma hapo nikakumbuka ule waya wa 95 na 96. Mtu akishaaminishwa akili ni kitu ulichozaliwa nacho, kila swali linakuwa kama linakuja kukuvua nguo, sasa utauliza saa ngapi? Na usidanganyike na hawa wa video za kukaza roho, ati jitume tu utaweza. Dweck mwenyewe amesema kumsifu mtu bidii bila yeye kujifunza kitu haisaidii. Mimi nilijituma sana siku ile, nilitoka jasho mpaka viatu.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke. Siku usiyoelewa, siku hiyohiyo, mwendee anayejua umwambie "sijaelewa". Si "sielewi". Si "siwezi hesabu". Lugha yetu imetupa hiyo -ja-, sijaelewa, sijaweza, sijapata, ndani yake kuna kesho. Ukisema siwezi umeshafunga duka.

Na mimi sikukurupuka nikawa mjuzi. Jioni nilikuwa namfuata yule fundi umeme Magongo na daftari, ananichorea kontakta, mimi namwambia hapa sijaelewa, anachora tena, mchoro mmoja tumeuchora mara 6 au 7. Kwenye trade test Gredi 3 nikapita, Gredi 2 nikafeli mara ya kwanza, nikarudi kumuuliza mwalimu swali kwa swali nilikosea wapi, tena nimekaa na vijana wa miaka 19 mimi nina 27. Mara ya pili nikapita. Ni hesabu zilezile za volti na ampia zinazokutoa jasho wewe sahii.

31 maana yake kuna vitu umevijua na kuna vitu hujavijua, na vimeandikwa hapo kwenye karatasi na wino mwekundu. Mwalimu wako ukimwendea atakuonyesha, wengi wao hufurahi mtu akija, hawazoei.

Hiyo karatasi bado unayo? Piga picha swali la kwanza ulilokosa ulitie hapahapa. Leo niko zamu ya usiku hotelini mpaka saa 12 asubuhi, nitakujibu.