Napaka mafuta ya mgando kila siku, mbona magaga hayaishi?

SWALI: Habari mfamasia. Mimi ni mama lishe, nasimama kutwa na kandambili. Visigino vimepasuka, magaga yanachana mpaka shuka. Mafuta ya mgando napaka kila asubuhi mwezi wa pili huu lakini wapi. Jirani anasema eti yanatoka kwenye petroli yataniletea kansa, bora kalamaini. Nifanyeje?

JIBU: Pole dada, yakishafika kuchana shuka hapo si mchezo. Jirani kapatia nusu. Mgando kweli unatokana na mafuta ya kuchimbwa, Chesebrough aliyeuanzisha Marekani alianzia kwenye ute uliokuwa unaganda kwenye mitambo ya visima vya Pennsylvania mwaka 1859. Ila ile michanganyiko inayotiliwa shaka ya kansa inaondolewa wakati wa kusafisha, we angalia kopo limeandikwa BP au USP (alama za viwango vya dawa vya Uingereza na Marekani). Yale ya kupimiwa kwenye kimfuko sokoni mi siyasemei.

Shida yako ni saa unayopaka. Mgando hauna hata tone la maji, kazi yake kufunika tu ili maji yaliyomo kwenye ngozi yasitoke, sasa we unapaka asubuhi kisigino kimeshakauka, ni kama umefunika sufuria tupu, halafu unatoka na kandambili vumbi lote la barabarani linanata humo humo.

Hamishia usiku. Loweka miguu maji ya vuguvugu dakika 10, sugua na jiwe taratibu (penye damu ruka), futa juu juu, na ngozi ikiwa bado mbichi mbichi paka mgando mzito, vaa soksi za pamba ulale. Gamba likiwa gumu sana ulizia krimu ya yurea, ile ya kulainisha ngozi ngumu, ya asilimia 25, ila isiingie kwenye nyufa zilizo wazi, inachoma hiyo!

Kalamaini achana nayo. Ni oksidi ya zinki yenye oksidi ya chuma kidogo, ndo maana ina pinki, nzuri kwa muwasho wa tetekuwanga lakini ikikauka inakausha na ngozi. Zinki ya kwenye mafuta mazito, ile tunayowapaka watoto wakiungua na nepi, hiyo ni kitu kingine, haikaushi hivyo.

Halafu hujasema kama una sukari. Kama unayo, jiwe weka chini, hiyo miguu ikaangaliwe kliniki kwanza, na ufa ukianza kuvimba au kutoa usaha usisubiri hata kesho.