Mnaokwenda fildi, someni Babeli kabla ya kuihubiri

Wadogo zangu wa vyuo vya Biblia, msimu wa fildi umefika na nimeanza kuisikia tena Babeli ileile: watu walijenga mnara, Mungu akaubomoa, akawaadhibu kwa lugha, ndiyo maana huku kwetu kila bonde lina lugha yake. Nawapenda, lakini jamani, someni.

1. Soma Mwanzo 11:1-9 kwa sauti kabla ya kuandika dondoo. Mnara haubomolewi mle. Watu wanaacha kuujenga mji, basi. Upepo ulioangusha mnara umo katika Kitabu cha Yubile, maandishi ya kale ya Kiyahudi yasiyo katika Biblia zetu. Nimrodi kuwa kichwa cha ujenzi kunatoka kwa Yosefo, mwandishi Myahudi wa karne ya 1. Ukiyatumia hayo, sema umeyatoa wapi.

2. Usiruke sura ya 10. Humo wana wa Nuhu wameshapangwa kwa jamaa zao, nchi zao na lugha zao, na hakuna neno la laana.

Kijana mmoja alipangiwa Umalila, huku kwetu Mbeya, kule kwenye pareto na viazi. Kijana mzuri, mwenye sauti na bidii. Alihubiri kwa Kiswahili, na mzee wa kanisa akawa mkalimani wake kwa Kimalila kwa ajili ya wabibi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka aliposema kwamba lugha za makabila ni adhabu, zilitokea Mungu alipokasirika. Mkalimani akanyamaza. Kijana akadhani hajasikika, akarudia kwa nguvu zaidi. Mzee akawatazama wale wabibi, ambao tangu asubuhi walikuwa wakiomba na kuimba kwa lugha hiyohiyo, kisha akaitafsiri yote bila kupunguza, maana kazi ya mkalimani ndiyo hiyo. Hakuna aliyeitikia amina. Wakati wa sadaka hakuna aliyeanzisha wimbo wa Kimalila. Tuliimba za kitabuni, kwa Kiswahili, hadi mwisho. Tulipotoka nje, bibi mmoja akamshika mkono kijana, akamuuliza kwa upole kupitia mkalimani yuleyule: "Mjukuu wangu, sasa maombi yangu ya miaka yote Mungu alikuwa anayapokeaje?"

Kijana alikosa jibu, na jibu lilikuwa kwapani mwake, Matendo 2. Siku ya Pentekoste Roho hakuwarudishia watu lugha moja. Waparthi, Wamedi, Waelami, hata wakaao Mesopotamia, upande uleule wa Shinari palipojengwa mnara, kila mmoja alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo. Kama lugha zingekuwa laana, siku ile ndiyo ingefaa kuziondoa. Ningependa kila mwinjilisti mpya asihubiri Babeli bila kufika hapo.

3. Uliza wajenzi walikosea wapi. Wengi huhubiri kiburi, na kipo kweli: walitaka kujifanyia jina. Lakini someni na nusu ya pili, ile ya kutotaka kutawanyika. Katika Mwanzo 9:1 Nuhu na wanawe wameagizwa waijaze nchi. Hawa wakaamua kubanana mahali pamoja. Mimi naona kutawanywa kuliwarudisha kwenye agizo.

4. Vijana wa sekondari watauliza kama mnara ulikuwapo. Waambieni habari za Etemenanki, hekalu la ngazi la Babuloni ambalo wengi hulihusisha na mnara huo, lililokuwa na msingi wa kama mita 91 kila upande. Mfalme Nebukadreza II aliliendeleza katika karne ya 6 KK. Urefu wa kubuni msiongeze.

5. Msidhani ni sisi tu tunaolisimulia jambo hili. Wasumeri wana utenzi wa Enmerkar, mfalme wa Uruk, wenye mungu Enki na habari za usemi mmoja wa watu wote. Wataalamu wanabishana kama Enki aliuvunja au atauleta siku zijazo. Na Qur'ani 30:22 inataja kutofautiana kwa ndimi na rangi za watu kuwa miongoni mwa ishara za Mungu. Hapa Mbeya mtakaa msiba mmoja na Waislamu, Mwanjelwa au Kyela, na mkiijua aya hiyo mtazungumza nao kama majirani.

6. Jumamosi jioni kaa na mkalimani, mpitie mahubiri mstari kwa mstari. Akisita mahali, mwulize kwa nini, na umsikilize mpaka amalize. Yeye ndiye atakayebaki na wale wabibi ukishapanda Kosta kurudi mjini.