Maswali ya Wasomaji: Jina Lako Lina Maana Gani, na Ulipewa kwa Nini?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu majina yao ya kwanza. Barua nyingi zimeuliza maana ya neno, ilhali aliyeandika alitaka hasa kujua sababu ya kupewa jina hilo. Hayo ni maswali mawili, na katika majibu yafuatayo nimejaribu kuyatenganisha.

Swali: Naitwa Tabu, nina miaka 27, naishi Tanga. Tangu shule ya msingi nimekuwa nikichekwa kwa ajili ya jina hili. Sasa ninakaribia kuolewa, na mchumba wangu ananishauri nilibadilishe kabla ya ndoa, kwa kuwa anaamini jina humfuata mtu. Mama yangu alifariki kabla sijamwuliza lolote. Je, wazazi wangu walinitakia mabaya?

Jibu: Hapana, dada Tabu, na naomba uniamini kabla hata hujamaliza kusoma.

Neno tabu tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni uchovu na kuelemewa, kama vile neno shida lilivyotoka katika neno lenye maana ya ukali na dhiki. Hata hivyo, ukiishia kwenye kamusi utabaki na huzuni hiyo hiyo, kwa sababu majina ya aina yako hayamwelezi mtoto bali yanaeleza saa aliyozaliwa na hali ya nyumba iliyompokea. Aliyepata tabu ni mama yako: pengine mimba ilimlaza kitandani, pengine uchungu ulichukua siku mbili, pengine ulikuwa mwaka wa njaa. Wewe ndiye uliyepatikana mwishoni mwa tabu hiyo, na jina lako likawa ukumbusho kwamba wote wawili mlivuka.

Una wenzako wengi. Sikudhani huwa ni binti wa wazazi waliokwisha kata tamaa ya kupata mtoto. Chausiku alizaliwa usiku. Mashaka na Masumbuko wamebeba habari inayofanana na yako. Siwema, yaani "si wema", mara nyingi ni jina la mama aliyekuwa na neno la kuwaambia mawifi au majirani, akaona ni heshima zaidi kulisema kwa kumwita mwanawe kuliko kugombana nao uani. Zaidi ya hayo, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mama aliyefiwa na watoto mfululizo humpa anayefuata jina lisilovutia, kwa imani kwamba kifo hakitamtamani mtoto anayeitwa hivyo; anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hudhani ni dharau, kumbe ni ulinzi.

Mfano unaonigusa kuliko yote uko Butiama, mkoani Mara. Mtoto mmoja wa Kizanaki alizaliwa wakati viwavi wameivamia nchi, akaitwa Nyerere, neno ambalo katika lugha yao linamaanisha viwavi hao. Mtoto huyo, Burito Nyerere, alikuja kuwa chifu. Mwaka 1922 alipata mwana ambaye kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembeaji, kisha kwa ushauri wa mganga akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua; Julius ni jina la ubatizo, ambalo mwana huyo alilipokea mwaka 1943 akiwa tayari mtu mzima. Jina lililoanza kama kumbukumbu ya mazao kuliwa shambani leo liko kwenye viwanja vya ndege, barabara na shule, na hakuna anayelitamka akawaza viwavi.

Sheria inamruhusu mtu mzima kubadili jina, ingawa baada ya hapo vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa vitapaswa kusomeka kwa namna moja, na hiyo si kazi ya siku moja. Uamuzi ni wako, wala si wa mchumba wako. Nakuomba jambo moja tu kabla hujauchukua: mtafute mama yako mdogo, shangazi, au jirani yeyote mzee aliyekuwepo siku ile, umwulize kilichotokea. Ukishajua, ndipo uamue.

Swali: Mimi ni Hamisi wa Dodoma. Nimeambiwa jina langu ni la mtoto aliyezaliwa Alhamisi, lakini cheti changu kinaonyesha Jumanne. Je, nimebeba jina la uongo? Na kwa nini dada yangu anaitwa Mwanahamisi badala ya Hamisa?

Jibu: Kaka Hamisi, ulichoambiwa kuhusu neno ni kweli. Khamis kwa Kiarabu ni siku ya tano. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, hivyo siku yao ya tano ni Alhamisi. Waswahili walianza kuhesabu siku inayofuata Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi ikawa ya mosi na Jumatano ikawa ya tano. Juma letu, kwa hiyo, lina siku mbili za tano zinazofuatana, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiarabu, na jina lako limetokana na hiyo ya pili. Juma naye ametokana na siku ya mkusanyiko wa sala, na Idi ni mtoto wa sikukuu. Rajabu, Shabani na Ramadhani wamepewa majina ya miezi, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takribani siku 11 kuliko mwaka wa kawaida, Ramadhani mmoja anaweza kuwa amezaliwa wakati wa masika na mwingine wakati wa kiangazi.

Sababu ya kupewa jina hilo ni jambo jingine. Uliza kama babu yako, au ndugu yake, naye aliitwa Hamisi. Jina la siku likishaingia katika ukoo huacha kufuata kalenda na kuanza kufuata damu: mjukuu huitwa kwa jina la babu, akawa wajina wake, hata kama amezaliwa Jumanne. Wakikuyu wana utaratibu mkali zaidi katika jambo hili, kwani mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la baba wa baba yake, na wa pili kwa jina la baba wa mama yake, bila kutazama siku wala saa. Kwa hiyo hujabeba uongo, umembeba mtu.

Kuhusu dada yako, "mwana" hapa ni neno la zamani la heshima kwa bibi mwenye nafasi yake, kama lilivyotumika kwa Mwana Kupona, mshairi wa Pate wa karne ya 19. Mwanajuma, Mwanaidi, Mwanaisha na Mwanahamisi wote wamejengwa hivyo, na kwa sikio langu ni majina yenye adabu ya pwani ambayo singependa yapotee.

Swali: Tumejaliwa mapacha wa kiume hapa Mwanza. Mume wangu ni Msukuma, mimi ni Mluo kutoka Kisumu. Upande wake wanataka Kulwa na Doto, upande wangu Opiyo na Odongo. Je, majina haya yanagongana?

Jibu: Hongereni sana, mama mapacha. Hayagongani hata kidogo. Kwa Wasukuma, Kulwa ni aliyetangulia kutoka na Doto ni aliyemfuata, awe wa kiume au wa kike. Kwa Waluo, aliyetangulia ni Opiyo na aliyefuata ni Odongo. Wangekuwa wasichana wangeitwa Apiyo na Adongo. Basi mkubwa ni Kulwa Opiyo na mdogo ni Doto Odongo. Mkijaliwa mwingine baada yao, jiandaeni kusikia wakwe wakimwita Shija, jina la anayefuata mapacha.

Swali: Tunataka kumbatiza binti yetu kwa jina la Tumaini. Mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Songea anasema Kanisa Katoliki halikubali ila jina la mtakatifu. Je, ni kweli?

Jibu: Mzee wenu anakumbuka sheria aliyokulia nayo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakishindwa kukubali, aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Sheria ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu lisitolewe jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Tumaini haliwezi kuwa geni, kwa kuwa Mtume Paulo analitaja pamoja na imani na upendo, na yote matatu ni majina tunayokutana nayo kila siku darasani na kazini.

Mwelezeni mzee kwa upole pia kwamba majina anayoyaona kuwa ya Kikristo yalikuwa maneno ya kawaida kwa wenyewe. Yohana kwa Kiebrania ni kusema kwamba Bwana ametenda neema, kwa hiyo Neema wa Songea si mbali naye. Simoni alipopewa jina jipya aliitwa Kefa, neno la Kiaramu la mwamba, na Wagiriki hawakulibakiza lilivyo bali walilitafsiri kwa lugha yao likawa Petro. Nendeni kwa paroko na jina lenu, na mkipenda kumwongezea binti jina la mtakatifu kwa mapenzi ya bibi yake, hakuna kinachowazuia.