Jina la Pereira na asili ya Kiyahudi

Ndugu yangu, umeuliza kama jina la ukoo wenu, Pereira, linathibitisha asili ya Kiyahudi kwa kuwa maana yake ni mti wa peasi, na husemwa kuwa majina ya miti ni ya Kiyahudi. Halithibitishi. Ureno na Galicia, jimbo jirani la Hispania, zina vijiji vingi vyenye jina hilo, na watu waliitwa kwa mahali walipotoka. Hata Nuno Álvares Pereira, aliyeshinda vita vya Aljubarrota mwaka 1385, alikuwa Mkristo wa ukoo wa kikabaila. Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa mwaka 1497 nao walichukua majina yaliyokuwa tayari ya kawaida kwa majirani zao.

Hata kipimo cha DNA cha kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana, hakitoshi: hufuata mstari wa baba kwa baba tu, ilhali Wareno wa zamani waliweza kumpa mtoto jina la mama au la bibi, hivyo jina na damu huenda vilishaachana zamani. Nakusihi uanze na vitabu vya ubatizo vya parokia, kisha majalada ya Mahakama ya Kidini ya Ureno (Inkwizisheni, 1536–1821), iliyowashtaki walioshukiwa kushika Uyahudi kwa siri, yaliyohifadhiwa Torre do Tombo, hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Lisbon, ukitafuta karibu na jina la mshtakiwa neno cristão-novo, yaani Mkristo mpya, jina walilopewa Wayahudi waliobatizwa na wazao wao.