Mimi nasali, mke wangu anaomba: jibu kwa aliyeuliza habari za kusali njiani

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema wewe na mkeo mmenunua Canter, mnabeba mizigo pamoja kati ya Arusha na Tanga, na kila mkijaribu kusali ndani ya gari mnaishia kugombana au mmoja wenu anasinzia. Umeuliza kama kuna wanandoa Wakristo wanaoishi barabarani ambao wameliweza hilo. Kuliweza sijui. Sisi tuko kwenye Fuso mwaka wa kumi na moja sasa, nyumbani ni Moshi, na ugomvi wa namna hiyo naufahamu mpaka harufu yake.

Mimi ni Mlutheri wa Machame, wa kubatizwa utotoni na kupata kipaimara. Kwetu sala ilikuwa na mpangilio: baba anasoma, sisi tunaitikia Amina, chakula kinapakuliwa. Mke wangu ni Mmeru wa Usa River, aliokoka akiwa sekondari, na kwao mtu huanza chinichini, sauti ikapanda, akasimama, akazunguka chumba. Mimi nasali, yeye anaomba. Wakati wa uchumba nilidhani maneno hayo mawili ni kitu kimoja. Kaa na mtu kwenye kichwa cha Fuso saa kumi na nne ndio utajua yanatofautiana wapi.

Tunabeba vitunguu. Tunapakia Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, tunapandisha Karatu, tunateremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, halafu Makuyuni, Arusha, Moshi. Moshi tunalala, tunawaona watoto kwa bibi yao, kisha Himo, Same, Hedaru, Korogwe, Segera, Chalinze hadi Dar. Kitunguu ni mzigo wa kununa. Ukikifunika gubigubi kinatoa jasho na kuoza, ukikiacha wazi mvua inakimaliza. Kwa hiyo tunasafiri zaidi usiku, turubai limeachwa na upenyo wa hewa, na mtu anakaa akiangalia mawingu.

Ugomvi wetu wa kwanza wa sala ulitokea kwenye ule mteremko wa Mto wa Mbu, Ziwa Manyara likiwa chini kama bati. Nimeweka gia ndogo, gari limejaa, masikio yangu yote yako kwenye breki. Mke wangu akaanza kukemea roho ya ajali. Alikuwa anakemea kweli, kwa sauti ya mkutano wa injili, huku akipiga kiganja kwenye dashibodi. Nikamwambia, "Mama, naomba unyamaze nisikie breki." Akanijibu, "Unamnyamazisha Roho Mtakatifu?" Nami, kwa ujinga wa kijana, nikamtupia Mathayo sura ya 6: "msipayuke-payuke, kama watu wa mataifa." Andiko ni la kweli, ila siku ile nililishika kama spana ya kumpigia mtu. Tulifika Makuyuni hatusemezani.

Niseme na hili, maana naona wengi humu wakiandika habari za mapepo ya barabarani. Tairi la nyuma kushoto siku ile lilikuwa kipara na mimi nilikuwa najua. Yeye anakemea pepo la ajali, pepo lenyewe limeshika usukani na linajua hali ya tairi lake. Siwacheki wanaokemea, mke wangu anakemea mpaka leo. Ila siku hizi anazunguka gari kwanza na tochi, anapiga matairi teke moja moja, anaangalia nati, ndipo anapanda. Dereva unayesinzia, shuka ulale. Hakuna ombi linaloshika usukani badala yako.

Miaka ile ya mwanzo tulikuwa na utingo, kijana wa Kipare, Mwislamu wa Usangi. Kabla hajaanza kazi aliniomba jambo moja tu: Alfajiri nisimamishe gari. Popote tulipokuwa, Hedaru, Mkomazi, Mombo, nikiegesha anashuka na kidumu chake cha maji, anatawadha, anatandika mswala pembeni ya tairi, anaswali, anarudi. Dakika chache. Hakugombana na mtu wala hakumtangazia mtu. Mimi na mke wangu tulikuwa tunamsubiri ndani, kila mmoja akiangalia dirisha lake, sisi Wakristo wawili wa ndoa ya kanisani ambao kusali pamoja kulikuwa kumetushinda. Asubuhi moja mke wangu akasema, "Huyu mtoto ana saa yake. Sisi tuna nini?" Sikuwa na jibu.

Sasa nije kwenye kiini, maana nadhani hata kwenu tatizo liko hapa.

Mwaka wa tatu nilimkopesha mdogo wangu Sh 1,200,000 kutoka kwenye pesa ya matairi. Sikumwambia mke wangu. Alijua, wanawake hujua, lakini hakuniuliza. Alichofanya ni kuniombea. Tumetoka Moshi jioni, anainamisha kichwa, anasema, "Bwana, mguse mume wangu, umwondolee roho ya usiri, umkumbushe kuwa mke ni msaidizi." Nimekaa hapo nasikia kila neno! Zamu yangu ikafika, nami nikasali kwa adabu zote za Kilutheri: "Ee Baba, umjalie mke wangu moyo wa upole na utulivu." Amina akasema yeye, kavu. Tukaenda hivyo wiki tatu. Mtu wa nje angetusikia angesema hii ndoa imejaa maombi.

Siku moja tulipokaribia Mombo mvua ikaanza. Turubai la Fuso lenye vitunguu halifungwi na mtu mmoja, na utingo tulikuwa tumemwacha Same anaumwa. Mimi sikumwita mke wangu, naye hakushuka. Nilifunga upande mmoja, upepo ukafungua mwingine. Dar tulishusha magunia kumi na tisa yanayotoa maji. Dalali wa Ilala akayaangalia, akaniangalia, hakutaja hata bei.

Tuliporudi tulikwenda kwa mchungaji mmoja mstaafu kule Machame, mzee sana, tukamkuta anafunga mkungu wa ndizi. Tukamweleza yote, kila mmoja akiwa na hakika atapewa haki. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Wanangu, mmemgeuza Mungu tarishi. Mnampa barua ampelekee mtu aliyekaa pembeni yenu." Halafu akamgeukia mke wangu: "Hizo pesa ulishamuuliza?" Akanigeukia mimi: "Nawe ulishamwambia?" Basi. Tuliongea palepale chini ya migomba, na haikuwa mazungumzo mazuri, mke wangu alilia na mimi nilipandisha sauti mbele ya mzee. Lakini kuanzia siku hiyo tuna sharti moja ambalo halijavunjwa mara nyingi: lililo kati yangu na yeye linasemwa kwanza, gari likiwa limezimwa. Nisilomwambia usoni siruhusiwi kumwombea akisikia. Kuna siku tumekaa kituo cha mafuta nusu saa nzima, ufunguo mkononi, kwa sababu ya neno moja lililosemwa kwa mama mkwe. Malori mengine yanatupita. Hewala.

Mzee yule ndiye aliyetusimulia pia habari ya kinyozi. Mwaka 1535 kinyozi wa Martin Luther, yule Mjerumani ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, kinyozi aliyeitwa Peter, alimwomba amfundishe kusali, na Luther akamwandikia. Akamwambia kinyozi mzuri huweka macho na akili kwenye wembe na nywele, anajua amefikia wapi, maana akipiga soga huku anawaza mengine anaweza kumkata mtu pua au koo. Sala nayo inataka moyo mzima namna hiyo. Kisha akamwonyesha kuchukua kila moja ya Amri Kumi na kuigeuza mara nne: inanifundisha nini, nishukuru nini, niungame nini, niombe nini. Mimi dereva nililielewa hilo papo hapo. Mke wangu aliuliza kama kinyozi alifaulu. Mzee akacheka: mwaka huohuo Peter alimchoma kisu mkwewe akafa, akafukuzwa mjini. "Basi hakusoma," akasema mke wangu. Mzee akasema inawezekana alisoma, na bado.

Hatukuzifuata amri. Tulichukua Sala ya Bwana tukaitandaza barabarani, kipande kwa kipande, kwa sababu dereva hafumbi macho na hawezi kushika maneno mengi. "Baba yetu uliye mbinguni" ni kutoka Moshi mpaka Himo, asubuhi Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ikiwa wazi. "Utupe leo riziki yetu" imeangukia mizani ya Himo, si kwa mpango, ila mwenye gari akikaribia mizani riziki ndiyo inayomjia kichwani. Lumbesa, yaani magunia ya kujaza kupita kipimo, tuliacha baada ya kuona aibu ya kulisema neno hilo huku tumezidisha uzito. "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" ni nyika ya kwenda Same. "Usitutie majaribuni" ipo Segera, njia panda, na sitaeleza kwa nini Segera. "Utuokoe na yule mwovu" ilikuwa mteremko wa Wami, enzi za daraja la zamani lile jembamba ambalo magari yalipita kwa zamu. Sasa kuna daraja jipya, lakini kipande hatujakihamisha.

Mmoja anasema kipande kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Kisha kimya. Mwenye neno analiongeza, asiye nalo anaacha. Yeye bado ananena kwa lugha, ila sehemu za tambarare, na mimi kwenye mteremko napewa ukimya wangu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nadhani mimi ndiye niliyemvumilia. Baadaye nikagundua kwamba nilikuwa sijawahi kumwomba Mungu kitu chochote kwa maneno yangu mwenyewe, tangu nizaliwe, mpaka usiku ambao pampu ya dizeli ilikufa porini karibu na Mkomazi. Tumeweka matawi barabarani nyuma na mbele, simu haina mtandao, na mke wangu akasema leo wewe. Nikajikuta nasema, "Bwana, naogopa." Sikuwa na sentensi ya pili. Hakuiongeza yeye. Aliweka mkono wake kwenye gia, nami wangu juu yake, tukakaa hivyo mpaka basi la alfajiri lilipompa lifti mmoja wetu.

Zaburi ya 121 tunayo wakati wa kuondoka, kwa sababu ya "utokapo na uingiapo". Kuna jambo hapo lilinichekesha. Mimi nimekulia chini ya Kilimanjaro, na "nitayainua macho yangu niitazame milima" niliisoma utoto wote kana kwamba msaada unashuka kutoka Kibo pamoja na maji ya mfereji. Mke wangu ndiye aliyeniambia nisome vizuri, hapo kuna swali: "msaada wangu utatoka wapi?" Na jibu limekuja mstari wa pili, wala halikutaja mlima. Aliniambia hivyo tukipita Boma Ng'ombe. Nilinuna kidogo, kwa heshima ya mlima.

Jumapili ikitukuta njiani tunaingia kanisa lililo karibu. Tumesali na Wakatoliki Same, na Waanglikana Korogwe, na kwa Wasabato wa Upareni tumewahi kukaribishwa Jumamosi mpaka chakula. Tunakaa benchi la nyuma kwa sababu ya harufu ya vitunguu.

Kuhusu kusinzia, mkuu, mwache alale. Mke wangu husinzia baada ya Hedaru karibu kila safari, katikati ya neno. Zamani nilikuwa namgusa aamke amalizie. Siku hizi ninamalizia mimi, polepole, na kama ninayesinzia ni mimi, hapo hakuna sala, hapo naegesha.

Mdogo wangu hajalipa. Miaka minane. Kwenye nyika ya Same kipande kile huwa anakisema mke wangu, maana mimi nikifika "wadeni wetu" koo linakauka, na yeye, mwenye haki ya kukasirika kuliko mimi, alishamsamehe zamani na hunitania kwa hilo. Jumatano tunapakia Mang'ola. Alhamisi asubuhi tutatoka Moshi kwenda Dar, na mdogo wangu ameomba lifti. Nafasi iliyobaki ni ya katikati.