Kidonda cha mama kwenye makao ya wazee

Pole sana dada, yani mama yuko makao ya wazee huko Minnesota, ana kidonda juu ya makalio halafu manesi wanakwambia ni uzee tu? Hapana, sio uzee, hicho kinaonekana ni kidonda cha kulala au kukaa mkao mmoja muda mrefu bila kugeuzwa. Nimefanya kazi ya kutunza wazee hapa Marekani, mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila masaa mawili hivi, na kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwa hiyo gusa, pakiwa pa moto au pagumu ujue kinaanza kingine. Nenda wikendi usiku bila kuwaambia, ndo utaona ukweli. Piga picha, andika tarehe, omba kikao cha mpango wa matunzo, yani mkae na wahudumu mjadili mama anavyotunzwa. Wakikupuuza mpigie ombudsimani wa jimbo, yani mtetezi wa wanaoishi makao ya wazee, ni bure. Kikitoa usaha au akapata homa, hospitali siku hiyohiyo.