Sandwichi za kuku na mayonezi, watoto 25, Mama Ngina saa kumi jioni? Usithubutu

Dadangu uliyeniuliza kuhusu sandwichi za karamu ya watoto kwenye bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, simama hapo hapo. Unataka kuchanganya kuku na mayonezi Ijumaa usiku, upake mkate, upange kwenye beseni na foili juu, ili watoto wazile kesho yake saa kumi jioni? Mwezi wa tatu, joto la kaskazi halijaondoka? La, la, la. Maswali yako ya juisi na ya kukata sandwichi kwa umbo la nyota yatangoja.

Watakwambia ubaya ni mayonezi. Uongo. Ya chupa ina siki, haiharibiki upesi hivyo. Mwenye kesi ni kuku. Ukishamchemsha unamchambua kwa vidole, na vidole ndivyo vinavyomtia bakteria. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi wanazaana, na wengine huacha sumu isiyotoka hata ukipasha moto tena. Kanuni ni saa 2 nje ya friji, na joto likipita nyuzi 32 ni saa 1 tu. Sasa piga hesabu: kupakia gari, kutandika mikeka, kungoja wale wa "tuko njiani". Saa imekwisha na keki haijakatwa.

Na hilo beseni ndilo baya zaidi. Ukirundika tabaka sita, za katikati hazipoi upesi hata ndani ya friji, maana mkate huzuia baridi isipenye. Kuku wa moto aliyeachwa kwenye sufuria ya kina ni vilevile. Mtandaze kwenye trei apoe upesi.

Hawa wapishi wa video wa "andaa usiku, asubuhi upumzike" wananichefua. Friji yao iko hatua tatu kutoka mezani! Waje wakae na beseni chini ya mibuyu ya Mama Ngina, tuone nani atapumzika.

Kwa hivyo shika hili moja: ndani ya mkate usitie kitu kinachodai friji. Jemu na siagi ya karanga (waulize wazazi kwanza nani ana mzio wa karanga). Chizi ngumu. Au chatini ya kotmiri na ndimu, pilipili kidogo tu, pamoja na tango. Nazi usitie, inachacha ukiiangalia. Tango litoe mbegu, litie chumvi dakika 10, kisha likamue kwa kitambaa. Siagi ipake slesi zote mbili mpaka ukingoni, la sivyo maji yanapenya na mkate unalowa. Nyanya achana nazo.

Paka asubuhi ile ile. Boflo la jana hukatika vizuri kuliko la moto. Kata kingo baada ya kupaka, si kabla, kisha gawa kila sandwichi pembetatu nne. Kila mtoto vipande 4, jumla 100, yaani slesi 50. Funika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana.

Mniite mwoga wa kuku, sawa. Watoto 25 na choo kimoja, mimi simo.

Ukishikilia kuku ni lazima, basi kasha la barafu, barafu chini na juu, utoe sahani moja moja. Zitakazobaki mezani usizirudishe kwenye kasha, hata kama mama mkwe anakutazama.